Guangzhou kwa Anayefika Mara ya Kwanza: Mwongozo Kamili wa Kutembea, Kula na Kununua

Kila msimu wa safari za China ukiisha, malalamiko yanayonifikia ni yale yale. Mtu kafika Guangzhou, WhatsApp haifunguki, kadi ya benki imekataliwa dukani, ramani imempeleka mtaa mwingine. Siku ya kwanza kanunua mzigo wote kwenye jengo la kwanza aliloliona, kesho yake kaukuta mzigo uleule jengo la tatu kwa bei ya chini. Mji hakuuona, na wiki nzima kala mkate na soda.

Karibu yote haya yanatokana na mpangilio. Mambo ya kufanywa nyumbani watu wanayaacha mpaka wakifika kule, na ya siku ya nne wanayafanya siku ya kwanza. Fuata hatua kwa mfuatano wake hapa chini, usiruke.

## Vitu vya kuandaa

- Pasipoti yenye viza inayolingana na safari yako. Viza ya utalii ni aina ya L, ya biashara ni M. Ukitaka kuchungulia Hong Kong katikati ya safari, omba ya kuingia zaidi ya mara moja. Kuvuka kwenda Hong Kong au Macau kunahesabiwa kuwa umetoka China, na viza ya mara moja hairudishi mtu.
- Kadi mbili za benki, Visa au Mastercard, ikiwezekana za benki tofauti.
- Dola taslimu, noti safi. Hadi dola 5,000 unaingia nazo bila kutoa tamko la forodha. Zaidi ya hapo, jaza fomu.
- Simu yenye nafasi ya kutosha na betri ya akiba. Kama utapanda ndege za ndani ya China, betri hiyo lazima iwe na alama ya 3C, yaani alama ya usalama ya China. Tangu tarehe 28 Juni 2025 zisizo na alama hiyo zinazuiwa kwenye ndege hizo.
- Adapta ya umeme. Plagi zetu za pini tatu za mraba haziingii kwenye soketi za kule. Umeme wenyewe ni volti 220, hauna shida.
- Jina na anwani ya hoteli kwa maandishi ya Kichina, kwenye karatasi na kwenye simu.
- Futi ya fundi, mizani ndogo ya kuning'iniza, daftari, kalamu ya wino mzito. Matumizi yake utayaona hatua ya saba hadi ya tisa.
- Kadi ya chanjo ya homa ya manjano, dawa zako za kawaida na karatasi laini za chooni. Vyoo vingi vya umma havina karatasi.

## Hatua ya 1: Tengeneza simu ukiwa bado nyumbani

Hapa ndipo watu wengi wanapokwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nchini China, mitandao ya Google, WhatsApp, Facebook, Instagram na YouTube imezuiwa. Wi-Fi ya hoteli haitakusaidia, wala laini ya simu utakayonunua kule. Kinachofanya kazi kwa kawaida ni intaneti inayopitia mtandao wa nje ya China: ama laini yako ya nyumbani ikiwa na bando la kimataifa, ama laini ya kidijitali (eSIM) ya wasafiri unayoinunua na kuiweka kabla ya kupanda ndege. Usisubiri ufike, maana hata tovuti ya kuinunulia huenda isifunguke.

Hata ukichagua laini ya kidijitali, usiizime laini yako ya nyumbani. Benki itatuma namba za uthibitisho kwenye laini hiyo, na bila namba hizo malipo hayapiti.

Kisha pakua Alipay na WeChat, programu za simu ambazo Wachina hulipia karibu kila kitu. Jisajili kwa pasipoti, ingiza kadi zako, subiri uthibitisho. WeChat mara nyingine hudai mtu mwenye akaunti akuthibitishe kwa kuskani msimbo wa QR, na ukiwa nyumbani utampata kwa urahisi: ndugu, rafiki, au wakala wako wa mizigo. Piga simu benki uwaambie unakwenda China na uombe waongeze kikomo cha malipo ya mtandaoni. Kadi nyingi "zinazokataliwa na Wachina" zimefungwa na benki ya mwenyewe, hapa hapa nyumbani.

Mambo mawili kuhusu malipo haya ambayo hayasemwi. La kwanza, ukilipa kwa kadi ya kigeni kiasi kinachozidi yuan 200 kwa mara moja, unakatwa asilimia 3. Kwa chakula, treni na teksi, kadi inatosha kabisa. Kwa mzigo wa maelfu ya yuan, asilimia hiyo inakula faida. La pili, kadi ya kigeni inalipa biashara, na kwa kawaida haitumi pesa kwa mtu binafsi. Mwenye kibanda sokoni akikupa msimbo wake binafsi, malipo yanaweza kugoma. Kwa hiyo sokoni nenda na yuan taslimu pia.

Pakua na Amap, ramani inayotumika kule, yenye toleo la Kiingereza. Ramani za Google, hata zikifunguka, huonyesha mahali kwa kukosea, wakati mwingine kwa mamia ya mita. Mwisho, weka programu ya kutafsiri na upakue Kichina chake kabisa, ifanye kazi bila intaneti.

Umefaulu hatua hii kama Alipay inaonyesha kadi yako imekubaliwa na ukurasa wa malipo unafungua msimbo wako. Kama bado, usiende uwanjani ukijipa moyo kwamba itajirekebisha.

## Hatua ya 2: Chagua tarehe na mtaa wa kulala

Oktoba hadi Desemba hali ya hewa ni nzuri. Aprili hadi Septemba kuna joto la unyevunyevu na mvua nyingi. Aliyezoea Dar au Mombasa hatashangaa, lakini kutembea masoko kutwa ndani yake kunachosha.

Epuka Mwaka Mpya wa Kichina, Januari au Februari. Viwanda na masoko ya jumla hufungwa kwa wiki kadhaa, na wengi huenda huko wakakuta milango ya chuma. Wiki ya kwanza ya Oktoba ni sikukuu ya taifa, vivutio vyote hufurika.

Maonyesho makubwa ya biashara ya Canton Fair hufanyika eneo la Pazhou, humo humo Guangzhou, mara mbili kwa mwaka, kuanzia Aprili 15 na kuanzia Oktoba 15, kwa awamu tatu. Awamu ya kwanza ni mashine na vifaa vya umeme, ya pili ni vyombo vya nyumbani na vifaa vya ujenzi, ya tatu ni nguo, viatu na vitu vya watoto. Kama bidhaa yako ni ya awamu ya tatu, kwenda ya kwanza ni kupoteza nauli. Kama huendi kwa ajili ya maonyesho, kwepa tarehe hizo, kwani bei za hoteli hupanda sana.

Kwa mgeni kutoka kwetu ninapendekeza kulala Xiaobei, kituo cha Xiaobei kwenye Line 5 ya treni ya chini ya ardhi, au Sanyuanli kwenye Line 2. Wauzaji wamezoea Waafrika, chakula halali kipo, mawakala wa mizigo wako jirani, na Kiswahili utakisikia barabarani. Anayetaka utulivu na majengo ya kisasa aende Tianhe, ila atasafiri zaidi kwenda sokoni.

Onyo: sheria inataka kila mgeni aandikishwe polisi ndani ya saa 24 tangu afike. Hoteli hukufanyia hilo wanapochukua pasipoti yako. Ukilala kwa rafiki, ni juu yako na mwenyeji kwenda kituo cha polisi cha mtaa. Watu hupuuza hili, kisha hulijutia siku wanaposimamishwa. Pasipoti halisi tembea nayo kila siku, hasa Xiaobei na Sanyuanli. Na tarehe ya viza usiipitishe hata kwa siku moja: faini ni yuan 500 kwa siku, hadi yuan 10,000, na kuwekwa kizuizini kunawezekana.

## Hatua ya 3: Kutoka uwanjani hadi hotelini

Uwanja wa Baiyun umeunganishwa na treni. Line 3 inasimama kwenye jengo la 1 na la 2. Kwenda Sanyuanli, shuka Jiahewanggang, badilisha Line 2. Kwenda Xiaobei, endelea na Line 2 hadi Guangzhou Railway Station, kisha Line 5 kituo kimoja tu.

Nauli za treni huanzia yuan 2. Lipa kwa msimbo wa Alipay, au nunua tokeni ya plastiki kwenye mashine. Mizigo hupitishwa kwenye mashine ya ukaguzi kila kituo, kwa hiyo usiwe na haraka.

Ukifika usiku treni zimekwisha, panga foleni rasmi ya teksi au agiza gari kwa DiDi iliyomo ndani ya Alipay. Anayekufuata ukumbini akinong'ona "taxi, taxi", mpite. Dereva asiyetaka kuwasha mita, shuka. Na ukimpa dereva noti ya yuan 100, angalia mkono wake: kuna wanaoibadilisha na feki kisha wakakurudishia wakidai yako ni mbaya.

Dola badilisha benki, kwa pasipoti yako, au baadhi tu uwanjani. Anayekuita barabarani akikuahidi bei nzuri kuliko benki, anavunja sheria, na ukiibiwa huna pa kushtaki.

## Hatua ya 4: Siku mbili za mwanzo, tembea na tazama tu

Siku hizi mbili ni za lazima hata kwa aliyekuja kwa biashara. Mwili bado una saa za nyumbani (China iko mbele yetu wa Afrika Mashariki kwa saa tano), na mtu aliyechoka hupatana bei vibaya. Zaidi ya hapo, ukitembea mji utaelewa njia za treni, na masoko yako kwenye njia hizo hizo.

Siku ya kwanza, fuata Line 1 upande wa magharibi. Shuka Chen Clan Academy. Ni jumba la ukoo wa Chen lililokamilika mwaka 1894, na paa zake zimejaa sanamu ndogo za udongo na chokaa. Inua macho, wengi hupita wakitazama vyumba tu na kukosa kazi bora ya mafundi. Kisha endelea hadi Huangsha, uvuke kwa miguu kwenda kisiwa cha Shamian. Nyumba za zamani za Waingereza na Wafaransa, miti mikubwa, viti vya kupumzikia, kuingia bure. Jioni mitaa ya Shangxiajiu iko karibu, kwa kutembea na kuonja vitu.

Siku ya pili, Line 2. Yuexiu Park ina sanamu ya kondoo dume watano, nembo ya mji, na Mnara wa Zhenhai wa mwaka 1380, ambao sasa ni makumbusho ya Guangzhou. Karibu na bustani hiyo upo msikiti wa Xianxian, penye kaburi ambalo Waislamu wa China wanaamini ni la sahaba Sa'd bin Abi Waqqas. Ijumaa hujaa waumini kutoka kila pembe ya Afrika, na kwa msafiri aliye peke yake hakuna mahali pazuri zaidi pa kupata salamu na ushauri wa wenyeji. Msikiti mwingine wa kale ni Huaisheng, karibu na kituo cha Ximenkou, wenye mnara mweupe wa mita 36.

Wakristo waende kanisa la Moyo Mtakatifu, Line 6 kituo cha Yide Lu. Limejengwa kwa mawe matupu na kukamilika mwaka 1888. Nje yake tu ni mtaa wa wauza samaki wakavu wa jumla. Harufu itakurudisha kwenye dagaa wa soko la Kirumba, Mwanza. Mimi huwashauri watu kupita hapo hata kama hawanunui kitu.

Usiku. Mnara wa Canton una mita 600. Watu hulipa pesa nyingi kupanda, kisha siku ya ukungu hawaoni chochote. Ushauri wangu: utazame kutoka uwanja wa Huacheng, ng'ambo ya mto, taa zikishawaka. Ni bure, na picha zinatoka vizuri kuliko za juu. Pesa uliyookoa panda nayo boti ya usiku ya Mto Pearl kutoka gati ya Tianzi au Dashatou.

Makumbusho mengi hufungwa Jumatatu, na mengine hudai uweke nafasi kwa namba ya pasipoti. Fanya hivyo siku moja kabla.

Kijana mchangamfu akikufuata Beijing Road akitaka "kufanya mazoezi ya Kiingereza" na kukualika chai, mshukuru uendelee na njia yako. Bili ya chai hiyo inaweza kukuondolea mtaji.

Mwisho wa siku ya pili unapaswa kuweza kutoka hotelini hadi kituo chochote bila kumuuliza mtu.

## Hatua ya 5: Kula vizuri, kwa amani ya moyo

Guangzhou ni kati ya miji inayosifika zaidi kwa chakula China nzima. Chakula chake hakina pilipili nyingi. Kinategemea ubichi wa kitu chenyewe, tangawizi, na mvuke. Inasikitisha mtu kufika hapo akarudi na hadithi za biskuti.

Anza na chai ya asubuhi, inayoitwa yum cha. Unakaa mezani, unachagua chai, unaletewa vikapu vidogo vya mvuke. Utaona watu wakisuuza vikombe na vijiti kwa chai ya moto kwenye bakuli. Suuza na wewe, ni desturi. Chai hulipiwa kwa kila kichwa, kwa hiyo usishangae kuikuta kwenye bili. Agiza vidonge vya unga mwangavu vyenye kamba wa baharini, na mikunjo ya unga wa mchele yenye ng'ombe au kamba. Uji wa mchele hupikwa na chumvi, mara nyingi na samaki. Ukiujaribu bila kuusubiri sukari utaupenda. Migahawa ya zamani kama Taotaoju ina menyu zenye picha, inamsaidia mgeni.

Kwa asiyekula nguruwe, umakini unahitajika. Nguruwe yumo kwenye vikapu vingi, hata pale kamba wanapoonekana juu. Tafuta herufi 猪 kwenye menyu: hiyo ni nguruwe. Ukiona 肉 peke yake, bila jina la mnyama mbele, kwa kawaida ni nguruwe pia. Mafuta yake hutumika kukaangia mboga, kwa hiyo kuchagua mboga tu hakutoshi.

Njia ya uhakika ni mgahawa wenye maandishi 清真, maana yake halali, mara nyingi kwa rangi ya kijani. Ipo mingi Xiaobei na kandokando ya misikiti. Agiza tambi za Lanzhou, zinazovutwa kwa mkono mbele yako na kutiwa kwenye supu ya ng'ombe. Kwa Wauighur kutoka Xinjiang utapata mishikaki ya kondoo yenye bizari nyembamba na mikate ya tanuri, na hapo mtu wa pwani atajisikia nyumbani kabisa.

Maji ya bomba usinywe bila kuchemsha; birika lipo kila chumba cha hoteli. Bakshishi hawaitarajii. Ukiwa na mzio wa karanga, andika kwa Kichina na uonyeshe kabla ya kuagiza, maana mafuta ya karanga ni ya kawaida sana hapa.

## Hatua ya 6: Jua soko lipi linauza nini

Guangzhou haina soko moja kubwa la kila kitu. Kila bidhaa ina mtaa wake. Anayezunguka akitafuta viatu kwenye mtaa wa vitambaa atamaliza siku na nguvu.

- Nguo: Baima, mkabala na stesheni ya Guangzhou, kwa ubora wa kati na juu. Shisanhang, kituo cha Cultural Park, kwa mitindo inayobadilika haraka. Shahe kwa bei za chini zaidi.
- Viatu na saa: Zhanxi Lu, karibu na stesheni hiyo hiyo.
- Mikoba na masanduku: soko la ngozi la Baiyun, Sanyuanli.
- Vipodozi na vifaa vya saluni: majengo ya Meibo na Xingfa, pande hizo hizo za Sanyuanli.
- Vitambaa: Zhongda, Line 8.
- Vitu vya kuchezea, mapambo, zawadi: Yide Lu na jengo la Onelink.
- Vipuri na mapambo ya magari: Yongfu Lu.
- Samani na vigae: si Guangzhou, ni Foshan, mji jirani. Samani ziko Lecong. Tenga siku nzima.

Wengi huniuliza Yiwu iko mtaa gani. Yiwu ni mji mwingine, mkoa wa Zhejiang, mbali sana. Usiuweke kwenye ratiba ya Guangzhou ya siku tano.

Saa za kufungua zinaamua ratiba. Shisanhang huamka alfajiri, na ifikapo saa saba au nane mchana wauzaji wanafunga. Ukifika saa tisa utakuta wanafagia. Panga Shisanhang na Shahe asubuhi mapema, Sanyuanli na Baima baadaye, na jioni iwe ya matembezi.

## Hatua ya 7: Kupatana, sampuli na malipo ya awali

Siku ya kwanza sokoni, usinunue. Tembea na daftari. Kwa kila kibanda kinachokuvutia chukua kadi ya biashara, piga picha namba ya kibanda na ghorofa, andika bei tatu: ya kipande kimoja, ya dazeni, ya katoni. Jioni linganisha. Utashangaa tofauti kati ya ghorofa ya chini, ambako kodi ni kubwa, na ghorofa za juu za jengo lile lile.

Siku ya pili rudi kwa wauzaji wawili au watatu bora. Wape idadi unayotaka hasa, kwa sababu bei ya jumla inategemea idadi, na maneno matamu hayaongezi punguzo. Mwite "laoban", yaani bosi, sema bei yako kwa kikokotoo, utabasamu. Kwenye maduka makubwa ya kisasa bei imeandikwa na haipatanishwi, usijisumbue.

Uliza saizi na upime. Hapa ndipo futi inapofanya kazi: saizi XL ya kule mara nyingi ni ndogo kuliko ya wateja wako wa Kariakoo au Eastleigh. Pima kifua, kiuno na urefu, uandike sentimita kwenye oda badala ya herufi.

Ukikubaliana, fanya haya kwa mpangilio huu:

1. Nunua sampuli moja ya kila aina. Itie saini kwa kalamu ya wino mzito, wewe na muuzaji. Ibaki kwako.
2. Dai karatasi ya oda: bidhaa, rangi, saizi kwa sentimita, idadi, bei, tarehe ya kukamilika, na muhuri wa duka.
3. Lipa malipo ya awali. Asilimia 30 ni ya kawaida. Anayetaka yote mbele, achana naye hata kama bei yake inavutia.
4. Salio linalipwa baada ya ukaguzi. Iandike sentensi hiyo kwenye karatasi.

Onyo la bidhaa feki. Zhanxi Lu utaonyeshwa saa na viatu vyenye majina makubwa. Usinunue kwa biashara. Kenya kuna Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia, Tanzania kuna Tume ya Ushindani, na zote hukamata na kuteketeza. Vipodozi vyenye haidrokwinoni au zebaki vimepigwa marufuku kwetu. Soma viambato, na kama vimeandikwa Kichina peke yake, tafsiri kwanza. Bidhaa nyingi pia zinahitaji cheti cha ubora kinachotolewa kabla mzigo haujasafirishwa, chini ya utaratibu wa TBS kwa Tanzania na KEBS kwa Kenya. Muulize wakala wako kuhusu cheti hicho kabla ya kulipa malipo ya awali.

## Hatua ya 8: Kagua, kisha pakia

Mzigo uliokwisha kufungwa ni mgumu kurudishwa. Kwa hiyo nenda mwenyewe stoo, au mtume mkalimani unayemwamini, siku ya kukamilika. Fungua katoni mwenyewe, na uchague za katikati na za chini. Za juu zimepangwa vizuri kwa ajili yako. Linganisha na sampuli iliyosainiwa: kitambaa, mshono, zipu, rangi. Hesabu vipande. Kikipungua au kikitofautiana, salio halitoki mpaka kirekebishwe.

Kila katoni iandikwe alama yako kwa wino mzito: jina la alama, bandari ya mwisho, na namba kama 1/12, 2/12. Piga picha kila moja.

Gharama za kago zikokotoe mwenyewe kabla ya kusikia za wakala. Kwa meli hulipiwa ujazo, yaani CBM: zidisha urefu, upana na kimo kwa mita. Katoni ya sentimita 60 kwa 50 kwa 40 ni CBM 0.12. Kwa ndege hulipiwa kilo, lakini vitu vyepesi vinavyochukua nafasi hupigiwa hesabu ya ujazo: sentimita zote zizidishwe kisha zigawanywe kwa 6,000. Katoni hiyo hiyo inakuwa kilo 20, hata kama ndani mna mawigi ya kilo nane. Ndiyo maana bili ya ndege huwashtua watu.

Muulize wakala maswali manne na ayajibu kwa maandishi: bei inajumuisha ushuru au la, mzigo unafika bandari gani na unachukuliwa stoo ipi, siku ngapi tangu meli kuondoka, na ukipotea unalipwaje. Wakala mzuri ana ofisi Guangzhou na nyingine Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa. Waliokwisha kutumia huduma yake wapigie simu kabla hujampa katoni hata moja.

## Hatua ya 9: Siku ya kuondoka na kupokea mzigo

Pima masanduku hotelini kwa mizani yako. Betri za akiba ziende kwenye begi la mkononi, kamwe zisiende kwenye sanduku la chini. Toa mifuko yote ya plastiki ya kubebea uliyopewa sokoni. Kenya ilipiga marufuku mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, na mizigo hukaguliwa.

Usibebe kifurushi cha mtu mwingine. Hata akiwa ndugu wa kijiji kimoja, hata akisema ni dawa za mama. Adhabu ya dawa za kulevya China inafika kifo, na wapo vijana wa kwetu wanaooza magerezani kwa mzigo wasioujua.

Kabla ya kupanda ndege hakikisha unazo picha za katoni, risiti zenye muhuri, na stakabadhi ya wakala yenye idadi ya katoni na CBM. Sampuli zilizosainiwa safiri nazo wewe.

Mzigo ukifika, nenda stoo na picha hizo. Hesabu katoni kwa namba zake, tazama kama gundi ya karatasi imefunguliwa na kubandikwa upya, na zile zenye shaka zifungue hapo hapo mbele ya wakala, kabla hujasaini kupokea. Ukisaini kwanza, wakala atakuonyesha saini yako.